Kisima cha uani: maswali ya majirani wa Kange, Pongwe na Maweni

Viunga vya Jiji la Tanga vinajaa nyumba haraka. Kiwanja kimoja kina kisima upande huu na karo la choo upande ule, na jirani naye vivyo hivyo. Maswali haya huulizwa sana.

Maji yetu ni meupe, hayanuki. Tuyapime ya nini?

Kwa sababu kinachodhuru hakionekani. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria aitwaye E. coli, anayeishi kwenye utumbo wa watu na wanyama, asipatikane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Akipatikana, ujue kinyesi kimefika kisimani, na nyuma yake huenda yupo wa kipindupindu au homa ya matumbo.

Karo letu liko mita 30 kutoka kisimani, kama tulivyoelekezwa. Bado tuogope?

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Umbali huo unasaidia kwenye udongo wa mchanga, unaochuja maji polepole na kuwapa vijidudu muda wa kufa. Lakini sehemu kubwa ya viunga vyetu imekaa juu ya mawe ya chokaa. Aliyeingia mapango ya Amboni ameona kwa macho yake maji yanavyoweza kulitoboa jiwe hilo. Chini ya nyumba zetu nako kuna nyufa, nyingine nyembamba, nyingine pana, na maji machafu yakiingia humo husafiri mbali bila kuchujwa. Tena usipime umbali wa karo lako peke yake. Pima na la jirani, hasa kama yeye yuko juu na wewe uko bondeni.

Nikichemsha, si yametosha?

Kwa vijidudu, ndiyo, yakichemka kwa kutokota. Kwa nitreti, hapana. Nitreti ni kemikali inayotokana na kinyesi, mkojo na mbolea. Ukichemsha, maji hupungua lakini nitreti hubaki, hivyo huzidi kukolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Anayeumia zaidi ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha hugeuka samawati. Ukiona hivyo, kimbilia hospitali. Mama anayenyonyesha amemkinga mwanawe na hatari hii.

Kisima kimeanza kuwa na chumvi. Tuchimbe zaidi?

Karibu na bahari, usiharakishe. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ardhini. Pampu nyingi zikivuta kwa nguvu, chumvi hupanda, na kuchimba zaidi ni kuifuata iliko. Vuta kidogo kidogo.

Nipime lini, na sampuli naichukuaje?

Mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, chumvi inapokolea, na mvua za masika zikishakolea, kwani ndizo zinazosukuma uchafu wa makaro. Waombe maabara wapime E. coli, nitreti na chumvi. Chupa itoke kwao ikiwa imetakaswa. Chupa ya soda uliyosuuza nyumbani itakudanganya. Usiguse mdomo wake kwa ndani. Iweke kwenye barafu na uifikishe siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6.

Na majibu yakiwa mabaya?

Kama ni E. coli, chemsha au tia klorini maji ya kunywa kuanzia leo. Kisha inua ukuta wa kisima, weka mfuniko, sakafia pembeni, kagua karo, upime tena. Kama ni nitreti, kisima kibaki cha kufulia na kumwagilia. Ya kunywa na ya uji wa mtoto chota bombani. Maji ya jiji hutoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na husafishwa kabla ya kutufikia. Waambie na majirani majibu uliyopata, maana mnachota chini ya jiwe lilelile.