"Anafukuza nzi": dhana potofu kuhusu mpigaji wa besiboli anayetoka kwa straiki tatu

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbao pembeni ya uwanja wa shule, upande wa Lugazi, Uganda, daftari la alama mapajani. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila mpigaji amefanya nini. Kijana mmoja wa miaka kama 12, shati limempwaya, akazungusha gongo mara tatu, na mara zote tatu mpira ukaishia kwenye glavu ya mdakaji. Nikaandika K kwenye kisanduku chake, ndiyo alama ya aliyetoka kwa straiki tatu; straiki ni mpira uliorushwa akaukosa, au akauacha upite ukiwa wa kupigika. Zamu yake ya pili ikawa K nyingine. Hapo watazamaji wakaanza: "Nzi! Nzi! Anafukuza nzi!" Mzee aliyeketi karibu nami, roleksi yake, ile chapati iliyokunjwa na mayai, mkononi, akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto mchezo wake ni mpira wa miguu. Hapa anapoteza muda."

Zamu ya tatu kijana hakuzungusha gongo kabisa. Mipira mitatu ilipita katikati kabisa, naye kasimama kama nguzo, kidevu kifuani. Nikaandika K iliyogeuzwa, ile ya mpigaji aliyetoka bila kujaribu kuupiga. K ile iliniuma kuliko zile mbili za mwanzo, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. Maneno kama yale nimeyasikia kwenye kila uwanja niliowahi kukaa na daftari, na mengi yanatokana na kutoujua mchezo.

"Anayetoka kwa straiki kila mara hajui kupiga"

Hii ndiyo dhana kubwa, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Katika historia ya ligi kuu ya Marekani, aliyetoka kwa straiki mara nyingi kuliko wote ni Reggie Jackson: mara 2,597. Mtu huyohuyo alipiga homurani 563, yaani mara 563 aliupeleka mpira nje ya uwanja na kuzunguka beisi zote, vile vituo vinne vya uwanjani, na mwaka 1993 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli. Babe Ruth, ambaye jina lake limesikika hata kwa wasiojua gongo linashikwaje, alikuwa na homurani 714 na alitoka kwa straiki mara 1,330. Kuna misimu mitano ambayo aliongoza ligi yake kwa kutoka hivyo.

Wa leo je? Aaron Judge, msimu wa 2017, alitoka kwa straiki mara 208. Msimu huohuo alipiga homurani 52 na akachaguliwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Mwaka 2022 akafikisha homurani 62, rekodi ya Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, huku akitoka kwa straiki mara 175. Shohei Ohtani mwaka 2024 alikuwa na homurani 54 na alitoka kwa straiki mara 162, na tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, ile ligi ya pili, akaichukua yeye.

Sababu yake si fumbo. Anayetaka kuupeleka mpira mbali analiachia gongo kwa nguvu zote, tena mapema, kabla hajajua mpira utamalizia wapi. Gongo likishaondoka kwa nguvu hizo halirudishwi. Mpira ukizama dakika ya mwisho, linapita juu yake, na sisi tulio benchini tunaona mtu akipiga hewa.

Wapo pia waliochagua njia nyingine. Joe Sewell alicheza misimu 14, kuanzia 1920 hadi 1933, akatoka kwa straiki mara 114 tu. Msimu mzima wa 1925 ilimpata mara nne! Ila homurani zake za maisha yake yote ni 49. Naye yumo kwenye Jumba la Heshima kama Jackson. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na timu ilizihitaji kazi zote mbili.

Anayedhani kwamba mpigaji mzuri hakosi, amtazame Ted Williams mwaka 1941. Wastani wake wa hiti, yaani mipira aliyoipiga akafika beisi salama, ulikuwa .406, na hadi leo watu wanauzungumzia kwa heshima. Maana yake katika kila mara kumi alizohesabiwa, karibu sita hakupata kitu. Mwaka 2018 wapigaji wa ligi kuu ya Marekani kwa jumla yao walitoka kwa straiki mara nyingi kuliko walivyopata hiti. Na hao ndio wapigaji bora duniani.

"Hakuna auti mbaya kama ya straiki"

Auti ni kule mchezaji kutolewa, na mzee wangu wa roleksi aliliamini hili. "Angalau angeugusa," alisema. Nikamwonyesha uwanjani. Beisi ya kwanza kuna mwenzake amesimama. Mpigaji akiugusa mpira vibaya ukabiringika chini hadi kwa mlinzi, mlinzi anautupa beisi ya pili, wa pili anautupa ya kwanza, na watu wawili wameshatoka kwa mpira mmoja. Anayetoka kwa straiki kwa kawaida anatoka peke yake, mwenzake anabaki pale alipo. Albert Pujols, mwenye homurani 703, ndiye pia mwenye rekodi ya kusababisha auti mbili kwa mpira wa chini: mara 426. Sijawahi kusikia mtu akizomewa kwa mpira wa chini.

Lakini mzee naye alikuwa na hoja yake, nami simnyimi. Kwenye mechi za watoto, walinzi wanadondosha mipira, wanautupa juu ya kichwa cha mwenzao, wanagongana. Kule kuugusa tu mpira kuna faida kubwa kuliko kwenye ligi ya watu wazima. Na kama kuna mtu beisi ya tatu anayesubiri kurudi beisi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hata mpira dhaifu unaweza kumleta. Kwa hiyo straiki tatu zina hasara yake. Ninachokataa ni kuifanya kuwa aibu.

"Aliyesimama tu amelala"

Kati ya mrushaji na beisi ya nyumbani, kwa watu wazima, kuna mita 18.44. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa muda wa kama sekunde 0.4. Kwa watoto umbali ni mita 14 hivi, kwa hiyo hata mtoto anayerusha kwa kilomita 100 kwa saa anampa mwenzake nusu sekunde tu. Ndani ya muda huo mpigaji anautambua mpira, anaamua, na analipeleka gongo. Mara nyingi aliyesimama aliuona vizuri sana, akaamini utapita pembeni, mwamuzi akaona vingine. Yule kijana wa Lugazi siku ile alikuwa na sababu nyingine, na nadhani kila aliyekuwa akipiga kelele aliijua.

"Straiki ya tatu, umekwisha"

Si lazima. Mdakaji asipoidaka straiki ya tatu, na beisi ya kwanza ikiwa haina mtu, au tayari kuna auti mbili, mpigaji anaruhusiwa kukimbia. Akifika beisi ya kwanza kabla ya mpira, yuko salama. Kwenye madaraja ya watoto wadogo zaidi kanuni hii haitumiki, lakini mechi ile ilikuwa nayo. Nililiona kwa macho yangu: mpira ulimpita mdakaji hadi kwenye wavu, kocha akawa anapaza sauti, "Kimbia! Kimbia!", na mpigaji akawa anarudi benchi polepole akiburuta gongo. Kicheko kilikuwa kikubwa kiasi kwamba hakumsikia kocha.

"Mchezo wenyewe si wetu"

Mwaka 2011 timu ya watoto ya Uganda ilifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, ikakwama kwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa hapahapa Lugazi walikwenda, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kule, na wakawafunga watoto wa Oregon 3-2. Mwaka 2015 timu ya Kampala ikaifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers, timu ya ligi kuu ya Marekani. Wote hao walianza kwa kupiga hewa, hakuna mlango mwingine wa kuingilia.

"Kumcheka kunamkomaza"

Daftari langu linasema vingine. K mbili zimesimama sawa, ya tatu imegeuka. Kijana alianza akijaribu, akaishia kuona heri asiguse kitu asije akachekwa tena. Mpigaji wa namna hiyo hata akirushiwa mpira mwepesi hatoupiga.

Kabla ya zamu yake ya nne, kocha alimfuata, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono na kuisogeza juu kidogo kwenye mpini. "Kijana wangu, ukiwa na straiki mbili shika hapa. Gongo linakuwa jepesi." Akarudi uwanjani. Straiki ya kwanza, ya pili. Mpira uliofuata akaukwangua, ukaenda nje ya mstari. Uliofuata tena, nje. Tena. Mipira mitano aliigusa hivyo, na kwenye benchi hakuna aliyetaja nzi. Wa sita ulizama, akazungusha, akaukosa. Nikaandika K iliyosimama sawa.

Mzee aliweka roleksi yake kando. "Ngoja, mwanangu. Ile aliyoikwangua haikuhesabiwa?"

"Ukishakuwa na straiki mbili, mzee, unaopigwa nje ya mstari hauhesabiwi, labda kama ulikuwa unauzuia kwa gongo bila kulizungusha."

"Kwa hiyo angeweza kuendelea hata mara ishirini?"

"Hata ishirini, mzee."

Akageuka kumtafuta kijana benchini kwao, akihesabu kwenye vidole: moja, mbili, tatu, nne, tano.