Anakula vizuri, vitamini zinakosekana vipi?
Wazazi wengi Bukavu wanaamini kwamba mtoto anayemaliza sahani ya bugali, sombe na sambaza hawezi kukosa vitamini. Lakini chakula lazima kifyonzwe. Vitamini E huingia mwilini pamoja na mafuta, kwa msaada wa nyongo. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Utumbo ukiugua muda mrefu, vitamini hizi hupungua na neva huumia polepole: mtoto huyumba, hasa gizani, na miguu hufa ganzi. Chunguza choo: je, ni kingi, kimepauka, kina mafuta? Kuhara kukipita siku 14, au uzito ukisimama kwenye kadi yake, mpeleke kituo cha afya. Tafadhali usimpe asidi foliki (vitamini ya kuongeza damu) kabla ya kupimwa: damu inaweza kuongezeka huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu neva, na zikichelewa kutibiwa huenda zisipone kabisa.