Duka linajuaje kwamba kadi ni yako?

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, foleni ya supamaketi hapa katikati ya Nairobi ilikuwa imerudi nyuma hadi kwenye rafu za unga. Mzee aliyekuwa mbele yangu akampa keshia kadi ya benki, na kabla hata mashine haijasogezwa karibu naye akaanza kutaja nambari yake ya siri kwa sauti: "Andika nne, saba..." Keshia akamkatiza haraka. "La, mzee wangu, weka mwenyewe." Akamgeuzia mashine, kisha akageuza uso upande wa kaunta ya jirani. Mzee akabonyeza polepole kwa kidole kimoja, risiti ikatoka, akabeba unga wake akaenda.

Kitambulisho hakuulizwa. Jina lililo kwenye kadi halikusomwa na mtu. Hata hivyo kwa benki, mzee yule alikuwa amethibitishwa.

Hatua hiyo ndiyo huitwa uthibitishaji wa mwenye kadi: namna duka na benki wanavyojaribu kujiridhisha kwamba aliyeshika kadi ndiye aliyepewa. Nimesema wanajaribu kwa makusudi. Mashine haikujui wewe. Inachoweza kupima ni kama kadi ni halisi na kama aliyeishika anajua siri inayoendana nayo. Mwizi aliye na vyote viwili, mbele ya mashine hiyo, ni wewe.

Zamani kulikuwa na sahihi. Ulitia sahihi kwenye risiti, keshia akailinganisha na ile iliyo nyuma ya kadi, au tuseme alitakiwa kuilinganisha, maana foleni ikiwa ndefu nani ana muda wa kukagua mikunjo ya herufi? Na kadi yenyewe ilibeba habari zake zote kwenye ule ukanda mweusi wa sumaku. Habari za ukanda hazibadiliki: zilizosomwa leo ndizo zitakazosomwa kesho. Ndiyo maana mhudumu wa hoteli aliyeondoka na kadi yako "kwenda kwa mashine" angeweza kuipitisha pia kwenye kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, akakurudishia kadi na tabasamu. Wewe uko na kadi yako mfukoni, na pacha wake anafanya manunuzi mji mwingine. Wizi wa aina hiyo haukuachii nafasi ya kugundua mapema kwamba umeibiwa.

Chipu, kile kijisahani kidogo cha kung'aa kwenye uso wa kadi, ililetwa kuvunja ujanja huo. Kiwango chake kilibuniwa miaka ya 1990 na Europay, Mastercard na Visa, na herufi za mwanzo za majina hayo ndizo zikazaa jina EMV. Kila unapolipa, chipu hutengeneza msimbo wa mara moja unaohusu malipo hayo peke yake. Ukiuiba msimbo huo, umeiba tiketi ya jana ya treni ya Syokimau: ni tiketi ya kweli, lakini haikupandishi popote. Uingereza ililazimisha nambari ya siri badala ya sahihi Februari 2006, na mabenki ya Kenya yakahamia kadi za chipu karibu na 2014. Wamarekani walikawia. Kwao msukumo mkubwa ulikuja Oktoba 2015, pale hasara ya kadi bandia ilipoanza kumwangukia muuza duka ambaye hajaweka mashine ya chipu.

Hapo kwenye hasara ndipo mambo mengi ya uthibitishaji yanapoeleweka. Mwenye kadi akilalamika kwamba malipo fulani si yake, benki inaweza kuzirudisha pesa kutoka kwa duka, ingawa bidhaa zimeshaondoka. Kama chipu ilisomwa na nambari ya siri ikawekwa, duka huwa limejikinga kwa kiasi kikubwa, na swali linakugeukia wewe: siri yako ilifikaje kwa mwingine? Yule keshia alipogeuza uso hakuwa akionyesha adabu tu.

Baada ya mlango wa dukani kuwa mgumu, wezi walihamia intaneti, ambako hakuna kadi ya kushika. Huko unaulizwa nambari ndefu, tarehe ya mwisho wa matumizi na zile tarakimu tatu za nyuma. Tarakimu hizo tatu hazimo kwenye ukanda wa sumaku, kwa hiyo aliyenakili ukanda hanazo, na maduka hayaruhusiwi kuzihifadhi malipo yakishakamilika. Watu hudhani kwamba nambari ndefu nayo ina ulinzi fulani wa ajabu. Tarakimu yake ya mwisho hupatikana kwa hesabu ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyepata hataza yake 1960, na kazi yake ni kukamata makosa ya kuandika. Mwizi anayenakili bila kukosea haimsumbui kabisa.

Maduka ya Marekani huongeza swali la anwani, yakailinganisha na ile iliyoko benki. Mfumo huo ulijengwa kwa watu wenye nambari ya nyumba na jina la barabara. Sasa sisi wa sanduku la posta, tena mara nyingi sanduku la shule au la kanisa, tunajibu nini? Nimewahi kukataliwa kununua kitabu kwa kadi yangu mwenyewe, pesa zangu mwenyewe, kwa sababu sikuwa na barabara ya kutaja. Uthibitishaji ukikazwa kwa kipimo cha watu wengine, humkamata mwenye mali.

Kwetu kinachotumika zaidi ni msimbo unaotumwa na benki kwa SMS. Unalipa, simu inalia, unaandika tarakimu, malipo yanapita. Ni kinga nzuri, ila imehamisha shabaha ya mwizi kutoka kwa kadi hadi kwenye laini ya simu. Ndiyo sababu tapeli hupiga na kujifanya ni wa benki, anakuita kwa jina lako kamili, halafu anaomba umsomee "nambari iliyoingia sasa hivi." Wengine huihamisha laini yako kwenye kadi nyingine ya simu, ujumbe ukaenda kwao. Ukiona mtandao umepotea ghafla na jirani yako anao, piga simu benki kwanza, ya kampuni ya simu ifuate.

Kuhusu kadi za kugusisha, kiasi kidogo hupita bila nambari ya siri. Ikipotea, izuie mara moja kupitia programu ya benki.

M-Pesa, iliyoanza 2007, ilitufundisha mazoea ya kinyume. Ukilipa kwa nambari ya Till, yaani nambari ya duka ya kupokelea malipo, jina la duka ndilo linalotokea kwenye simu yako. Mteja ndiye anayehakiki, na mwenye duka anasubiri ujumbe uingie. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tukishika kadi tunadhani kuna mahali jina letu linasomwa.

Wiki chache baada ya yule mzee, nilikuwa kwenye foleni ileile. Mama mmoja akatoa kadi yenye jina la mwanamume. Safari hii keshia aliliona. "Hii ni ya nani, madam?"

"Ya baba watoto."

Keshia akasita kidogo, akamsogezea mashine. Kwa masharti ya benki, kadi haifai kupeanwa, hata kwa mke. Lakini tarakimu nne zilikuwa sahihi, na benki ikajibu kwa sekunde chache kwamba malipo yamekubaliwa.

"Pointi zako, madam?"

Mama akataja nambari yake ya simu, na hapo ndipo jina lake likatokea kwenye skrini ya duka.