Kubaunsi traki: dramu nzima ndani ya mstari mmoja wa tepu

Kubaunsi ni kuzichukua traki ambazo tayari zimerekodiwa kwenye tepu, kuzimiksi, na kuzirekodi upya zote pamoja kwenye traki moja iliyobaki wazi. Zile za mwanzo hapo zinaweza kufutwa na kurekodiwa kitu kingine. Traki yenyewe ni mstari wa sumaku unaokwenda sambamba na mingine juu ya tepu ileile. Mashine ikiwa na mistari minne, una nafasi nne, basi.

Dramu ndizo zilizowasumbua mafundi mitambo kuliko ala nyingine yoyote, kwa sababu mpigaji ni mmoja lakini vyombo ni vingi: kiki ya mguuni, snea, tomu, haihati, matoazi. Ukiweka maiki nne na kila moja ukaipa traki yake, mashine imejaa kabla mpiga besi hajachomeka waya. Kwa hiyo unarekodi kiki, snea na maiki ya juu (inayoning'inia juu ya dramu nzima) kwenye traki tatu, unazimiksi kwenda ya nne, halafu tatu zinarudi kuwa wazi. Wajanja hawakuishia hapo. Wakati wa kubaunsi, mtu alisimama mbele ya maiki na kupiga kayamba, nayo ikaingia papo hapo kwenye traki ya nne pamoja na dramu. Ukifanya hivyo kila mara, traki nne zinabeba sehemu kumi: nne, kisha tatu, kisha mbili, kisha moja.

Gharama yake ni kwamba hakuna kurudi nyuma. Kiki iliyozama imezama. Ukiongeza sauti nzito za chini ili kuiokoa, tomu kubwa nayo inavimba. Ukipunguza ukali wa snea, matoazi yanafifia pamoja nayo, maana sasa ni sauti moja. Huwezi pia kuweka tomu kushoto na haihati kulia, na ndiyo sababu mojawapo ya rekodi nyingi za stereo za miaka ya 1960 kuwa na dramu nzima upande mmoja wa spika.

Tepu nayo inadai chake. Kila nakala inaongeza ule mvumo wa "ssss", nakala ya kwanza peke yake takriban desibeli 3 ikiwa mashine ni ileile, na inapunguza mng'ao wa sauti za juu. Bahati mbaya dramu hurekodiwa mwanzo, kwa kuwa wenzao wote wanafuata mapigo yake, hivyo ndizo zinazonakiliwa mara nyingi zaidi. Fundi mzoefu aliyarekodi matoazi yakiwa makali kuliko alivyoyataka, akijua makali hayo yataliwa njiani. Kabla ya kufuta alimwita pia mpiga besi acheze juu ya miksi ile, kwa sababu kiki inayosikika vizuri peke yake inaweza kumezwa gitaa la besi likiingia. Kwangu mimi, jaribio hilo dogo lilikuwa na thamani kuliko mtambo wowote wa bei ghali.

Mfano mashuhuri ni wa studio za EMI, Abbey Road, London. Albamu ya Sgt. Pepper ya Beatles, iliyotoka 1967, ilirekodiwa kwa mashine za Studer J37 za traki nne, zenye tepu ya upana wa inchi moja. Mwaka uliotangulia, fundi wa sauti Geoff Emerick alikuwa amesogeza maiki karibu na kiki ya Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, na kujaza sweta la sufu ndani ya kiki hiyo, ili mlio uwe mfupi na mzito kabla haujafika kwenye tepu. Mwezi Februari 1967, okestra ilipohitaji nafasi zaidi, fundi wa EMI Ken Townsend aliziendesha mashine mbili kwa pamoja akitumia mlio wa hezi 50 uliorekodiwa kwenye mashine moja ili kuongoza kasi ya nyingine.

Pale EMI, lakini, kubaunsi kulikuwa na tofauti moja kubwa. Badala ya kumiksi ndani ya mashine ileile na kufuta, walinakili kutoka mashine moja kwenda nyingine: traki nne zikawa moja au mbili kwenye tepu mpya, na tepu ya kwanza ikawekwa kabatini. Mwenye mashine moja ya kaseti nyumbani, kama zile Portastudio ambazo Tascam ilianza kuziuza 1979, hakuwa na anasa hiyo. Kwake kufuta ndiyo ilikuwa njia ya kupata nafasi.

Albamu ilipomiksiwa upya 2017 chini ya prodyuza Giles Martin, hawakuanzia kwenye zile nakala. Walizitoa tepu za kwanza, zile za kabla ya kubaunsi, wakazipanga zicheze pamoja kwenye kompyuta. Dramu zikasikika zikiwa na uzito wake, na safari hii zikakaa katikati.