Fomu iliyojazwa Kiganjo

Jeneza likishateremshwa kaburini na risasi za heshima zikishapigwa, gari la kikosi huondoka mapema. Barabara ni ndefu na kesho kuna zamu. Mjane hubaki na matanga, na matanga yakishaanuliwa hubaki na bahasha ya kaki. Bahasha hiyo ndiyo hunifikia mimi. Mimi ni wakili wa mirathi hapa Nakuru, na kwa zaidi ya miaka kumi nimeshughulikia mafaili ya familia za polisi waliouawa kazini.

Nikiifungua, natafuta kwanza karatasi moja: ile aliyoijaza marehemu alipoajiriwa, ya kuonyesha nani alipwe akifa.

Kurutu huijaza Kiganjo, kwenye chuo cha mafunzo ya polisi, akiwa na miaka ishirini hivi. Hana mke wala mtoto. Anaandika jina la mama yake, asilimia mia, anatia sahihi na kukimbilia gwaride. Miaka kumi baadaye ana mke na watoto watatu, ameshahamishwa vituo vinne, na karatasi ni ile ile. Niliwahi kuletewa moja ambayo mama aliyeandikwa alikuwa amefariki miaka sita kabla ya mwanawe. Mjane aliishika pembeni kwa vidole viwili, kama anayeogopa kuichafua, akaniwekea kidole kwenye jina. "Huyu ni mama mkwe, wakili. Nilimuuguza mwenyewe mpaka mwisho."

Inafaa nieleze kwa nini karatasi hiyo ina uzito. Anachoacha askari hupita njia mbili. Akiba ya sacco, bima ya maisha na pesa za mfuko wa pensheni hufuata jina lililoandikwa, nje ya mahakama ya mirathi. Shamba, pikipiki, pesa za benki na mengineyo hufuata Sheria ya Mirathi, Sura ya 160. Njia ya kwanza ni fupi jina likiwa sahihi. Jina likiwa la marehemu, au la mchumba wa zamani, familia inasukumwa kwenye njia ya pili, na hiyo ina milima: barua ya chifu inayotaja warithi wote, ombi mahakamani, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na siku 30 za kungoja pingamizi. Hata akishateuliwa msimamizi wa mirathi, kwa kawaida hupita miezi sita kabla mahakama haijathibitisha nani apate nini. Wakati huo wote karo ya shule inadaiwa. Nyumba ya kambini nayo ni ya kazi, na mwenye kazi hayupo tena.

Kwa aliyeuawa kazini kuna haki nyingine ambazo wajane wengi hawajaambiwa. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inawapa wategemezi mishahara ya miezi 96, na dai lake linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu kifo. Tafadhali isome tena hiyo namba ya pili. Mwaka mmoja ni mfupi sana kwa mtu aliyefiwa. Nimempokea mama aliyekaa miezi kumi na mmoja akiambiwa "rudi wiki ijayo" kwenye dirisha moja, hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja kwamba amefika. Tangu siku hiyo ninawashauri wote: kila karatasi unayopeleka, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe. Ukikataliwa muhuri, andika jina la aliyekupokea na saa. Fidia hii si kiinua mgongo, wala si pensheni ya wategemezi. Ni madai tofauti, na kulipwa moja hakufuti jingine.

Linaloniumiza zaidi ni ndoa zisizo na cheti. Kazi ya polisi ni ya kuhamahama. Leo yuko Mandera, mwakani Lodwar. Harusi inasogezwa mpaka likizo, likizo inafutwa, na wawili wanaishi pamoja miaka minane bila kupita kwa msajili. Zamani mahakama zilikuwa na mkono mwepesi kidogo kwa wanawake wa namna hii. Zilitazama maisha yao na kudhania ndoa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra, ikaweka masharti makali. Na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe. Kwa hiyo mwanamke aliyefua magwanda ya mumewe miaka minane anaweza kufika mbele ya hakimu na kuulizwa yeye ni nani. Akitokea mwingine mwenye cheti, hata kama walishaachana kimya kimya zamani, mzigo wake unakuwa mara mbili. Watoto wana afadhali, maana sheria inawatambua watoto wa marehemu hata kama wazazi hawakuoana, ila bado itabidi kuthibitisha kwamba ni wake.

Kuna pia familia ambayo haijapewa hata jeneza. Polisi wa Kenya walipokwenda Haiti kuanzia Juni 2024, tulijua wengine wangeweza kurudi katika jeneza. Wa kwanza kuuawa kwa risasi aliuawa Februari 2025. Mwezi uliofuata askari mwingine alitoweka baada ya shambulio la magenge, na hadi Septemba ndipo Rais alipomtaja hadharani, katika Umoja wa Mataifa, miongoni mwa waliopoteza maisha. Fikiria miezi ile kwa mkewe au mzazi wake. Sheria yetu ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, ndipo adhaniwe amekufa. Bila mwili, familia inahitaji serikali ithibitishe kifo kwa ushahidi mwingine, na kufanya hivyo mapema ni heshima kubwa kuliko hotuba yoyote.

Najua baadhi yenu mnaosoma mmezika ndugu waliouawa na polisi hao hao. Siwaombi mnyamaze, na haki yenu ninaitetea pia. Mtoto wa konstebo aliyelipuliwa na bomu la kutegwa barabarani kule Lamu hana deni kwenu, kama ninyi msivyokuwa na deni kwake.

Tarehe 10 Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, Baragoi, wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Baadhi yao walikuwa hawajakaa sana tangu wamalize mafunzo. Kila ninapoiwaza siku ile nafikiria zile fomu zilizokuwa kwenye mafaili yao, wino wenyewe ukiwa bado mpya. Ninyi mlio kazini, fomu hiyo inaweza kubadilishwa, na kubadilisha hakumaanishi unaitabiria nafsi yako mabaya. Nenda kwa karani wa kituo wiki hii, kisha pitia sacco, maana fomu yao ni nyingine.

Ninyi mliobaki mnaweza pia kumfanyia mwenzenu jambo ambalo wakili hawezi. Katika kesi ya yule mjane wa fomu ya mama mkwe, shemeji mmoja alipinga, akidai hapakuwa na ndoa. Tulihitaji mtu aliyewaona wakiishi pamoja. Koplo mmoja aliyekaa nao mlango kwa mlango kambini alipanda basi la usiku kutoka Garissa. Aliingia mahakamani na vumbi la safari kwenye viatu, akaapa, akaeleza jinsi alivyosimama upande wa bwana harusi siku mahari ilipopelekwa, mbuzi walikuwa wangapi na nani aliwapokea. Alimtaja kila mtoto kwa jina na kwa darasa. Alipomaliza alimwinamia mjane, akamwambia, "Shemeji, hilo nililijua, nimelisema," akauliza kituo cha basi kiko upande gani. Alikuwa na zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.