Doa lile juu ya ini

Wiki hii nimeambiwa tena kuhusu picha ya PET, ile inayoonyesha mahali mwili uliponyonya dawa yenye mnururisho: "Picha si imeshasahihishwa? Basi doa hili ni la kweli." Jamani, hapana. Neno hilo "imesahihishwa" linatuponza.

Fotoni za PET, yaani chembe za mnururisho zinazotokana na dawa hiyo, zina nishati ya 511 keV (keV ni kipimo cha nishati), na nyingi huzuiwa au huchepushwa mwilini kabla ya kufika kwenye vitambuzi. Mashine hufidia zilizopotea, na huko ndiko kusahihisha, kwa kufuata ramani ya CT, picha ya eksirei inayopigwa pamoja na PET. Eksirei za CT zina nishati ndogo zaidi, wastani wa karibu 70 keV, kwa hiyo namba zake hubadilishwa kwa kanuni iliyotungwa kwa ajili ya hewa, tishu laini na mfupa. Nyonga ya bandia ya chuma haimo humo. Mashine hufidia kupita kiasi, na kando ya chuma huonekana pamenyonya dawa kuliko ukweli. Iodini ya kung'arisha picha ya CT, ikikolea mshipani, nayo huleta hayo hayo. Hili wengi wanalijua.

Kinachoniudhi ni pumzi kupuuzwa. CT hupita kifuani kwa sekunde chache. PET hukaa dakika 2 au 3 kila hatua ya kitanda, mgonjwa akipumua muda wote. Akiwa amevuta pumzi kwa nguvu wakati wa CT, kiwambo, ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka pamoja na ini. Pale PET ilipopokea fotoni za kilele cha ini, ramani inasema ni pafu, karibu hewa tupu, na fidia inakuwa ndogo mno. Hapo ndipo unapotokea ule ukanda mtupu uliopinda kama mwezi mwandamo. Uvimbe ulio kileleni mwa ini utauona umekaa pafuni, na SUV yake, kipimo cha dawa iliyonyonywa, imeshuka.

Niliwahi kuletewa picha kama hiyo, doa dogo chini ya pafu la kulia, na ripoti nusura iandikwe kwamba saratani imefika mapafuni. Kwenye CT, mahali pale pale, palikuwa na vishipa tu. Nikafungua picha isiyosahihishwa: ukanda haupo, doa limo ndani ya ini.

Lakini msikimbilie kuifanya picha isiyosahihishwa kuwa hakimu. Humo ngozi na mapafu huonekana kuwaka kuliko yalivyo, na vya ndani sana hufifia. Doa la kando ya chuma likitoweka humo, pengine lilikuwa la uongo, pengine lilikuwa hafifu tu. Nikishuku maambukizi kwenye nyonga ya bandia, mpaka leo kuna picha ninazozitazama mara tatu na bado nasita.

La pumzi lina dawa. Itazameni picha kabla mgonjwa hajashuka kitandani. Fluorini-18, inayotoa mnururisho kwenye dawa, huchukua dakika 110 kupungua nusu, kwa hiyo muda upo: mwambieni apumue taratibu, bila kuvuta pumzi nyingi, kisha rudieni CT na PET za eneo hilo tu.