Anselm wa Canterbury, mtawa aliyebanwa na fimbo

Kila mwaka nikifika kwa Anselm kwenye somo langu la falsafa ya zama za kati naanza na viboko, siyo na ile hoja yake maarufu ya kuthibitisha kuwa Mungu yupo, maana ukianza na hoja darasa linalala. Stori ni hivi: abate mmoja, yaani mkuu wa monasteri, alimlalamikia Anselm kwamba watoto wanaolelewa kwenye monasteri yake hawasikii, wanachapwa usiku na mchana na bado wanazidi kuharibika. Anselm akamuuliza, hivi ukipanda mti bustanini afu ukaubana pande zote usitoe hata tawi, baada ya miaka utapata mti gani? Yule abate akasema utapinda, hautafaa kitu. Haya, na kosa la nani kama siyo lako uliyeubana? Hiyo ni karne ya 11 jamani, na sisi mpaka leo tunabishana kuhusu viboko shuleni.

Alizaliwa 1033 Aosta, mji wa milimani ambao sasa uko Italia. Mama alipofariki, yeye na baba yake hawakuiva chungu kimoja, akaondoka akavuka Alps, akazunguka zunguka miaka kama mitatu mpaka 1059 akafika monasteri ya Bec, kule Normandy (sasa ni Ufaransa), kwa sababu alisikia mtawa msomi aitwaye Lanfranc anafundisha pale. Mwaka 1060 akaingia utawa, akashika kanuni ileile ya Benedikto wanayoishi watawa wa Peramiho na Ndanda. Miaka mitatu tu baadaye Lanfranc akahamia Caen na huyu mgeni akapewa upriori, yaani unaibu wa abate, wengine wakanuna kweli kweli. Uabate akaupata 1078.

Sasa hoja. Anselm alikuwa ameshaandika kitabu chenye hoja ndefu zilizofungamana kama mnyororo, akawa anatamani moja tu inayojitosheleza. Ikamkosesha usingizi na hamu ya kula, hata sala ikawa haiendi, akahisi labda ni kishawishi cha shetani. Usiku mmoja wakiwa kwenye sala ikamjia. Akaiandika kwenye vibao vya nta, ndo daftari la enzi zile, akampa mtawa amtunzie, vikapotea. Akaandika tena, akampa mwingine, huyu akaviweka karibu na kitanda chake, asubuhi anavikuta sakafuni vimevunjika na nta imesambaa. Wakaokota vipande wakaviunganisha, ndipo Anselm akaamuru vinakiliwe kwenye ngozi. Hiyo ndo Proslogion, kitabu chenye ile hoja.

Anaanzia kwenye Zaburi, mpumbavu amesema moyoni hakuna Mungu. Basi hata huyo mpumbavu ukimwambia "kile ambacho hakiwezi kufikiriwa kikubwa zaidi yake" anakuelewa, kwa hiyo kiko akilini mwake, lakini kama kiko akilini tu basi ninaweza kufikiria kikubwa zaidi, yaani ambacho kipo kweli, na hapo kile cha kwanza hakikuwa kile tulichokitaja. Mimi binafsi sijawahi kumwona mtu akiamini kwa sababu ya hoja hii, ila kila nikitaka kuonyesha imekosea wapi namaliza ubao mzima. Mtawa mwenzake aitwaye Gaunilo alimjibu kwa niaba ya mpumbavu, akisema kwa mtindo huo hata kisiwa bora kuliko vyote kitakuwa kipo mahali. Anselm alijitetea, afu akaagiza kitabu chake kikinakiliwa kiambatane na ukosoaji wa Gaunilo pamoja na majibu yake. Ni wasomi wangapi wangefanya hivyo?

Uaskofu hakuutaka kabisa. Lanfranc, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alifariki 1089 na mfalme William Rufus wa England akakiacha kiti wazi huku akila mapato yake, mpaka Machi 1093 alipougua akaogopa kufa na dhambi hiyo. Anselm akaburutwa mpaka kitandani kwa mfalme, akakunja ngumi, wakajaribu kumfungua vidole kwa nguvu wakashindwa, wakaishia kuibana fimbo ya kiaskofu kwenye ngumi yake. Aliwaambia wanamfunga nira moja kondoo mzee na fahali asiyefugika. Na ndivyo ilivyokuwa, mfalme akapona, ugomvi ukaanza, Anselm akaenda uhamishoni 1097, na huko Italia akamalizia kitabu chake cha kwa nini Mungu alijifanya mtu. Akagombana tena na mfalme aliyefuata, Henry I, kuhusu nani awape maaskofu pete na fimbo za cheo chao, uhamisho wa pili 1103 hadi 1106, wakapatana 1107. Alifariki Canterbury tarehe 21 Aprili 1109.

Mengi ya haya tumeyapata kwa Eadmer, mtawa aliyesafiri naye na kuandika kimya kimya. Anselm alipogundua alisahihisha kwanza, baadaye akabadili mawazo akamwamuru aharibu kila kitu. Eadmer akatii, ila alihakikisha amenakili zote pembeni kabla hajaharibu.